Jua, Sukari na Figo: Historia ya Tumaini la Vitamini D kwa Wagonjwa wa Kisukari

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa historia tumezoea kuandika juu ya wafalme, vita, wamisionari na mipaka. Juu ya dawa huandika wachache, ingawa dawa nazo zina historia yake. Zina watu waliozigundua na waliozishabikia, na wakati mwingine zina siku ambapo zilipimwa zikaonekana hazifanyi kile zilichosifiwa. Insha hii inaeleza historia ya namna hiyo. Inafuatilia vitamini D na ugonjwa wa figo kwa watu wenye kisukari, na inajaribu kujibu maswali mawili. Kwa nini wataalamu walitumaini kwamba vitamini D ingelinda figo za mgonjwa wa kisukari? Na kwa nini tumaini hilo halikuthibitika lilipopimwa?

Mada hii inatuhusu sisi wa Rusizi, wilaya ambayo wazee wengi bado wanaiita Cyangugu. Tuko kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, chini ya nyuzi tatu kusini mwa Ikweta, na jua hutufikia miezi yote kumi na miwili hata kama mvua nayo haikosi. Hapa kwetu, kuanzia Kamembe hadi Bugarama, kisukari kimekuwa ugonjwa wa nyumba za kawaida. Si ugonjwa wa matajiri tu tena. Mkulima wa mpunga au mfanyabiashara mdogo anayevuka mpaka kwenda Bukavu ana fedha chache za matibabu. Faranga zake zikienda kwenye kidonge kisichosaidia, zitakosekana kwa kile kinachosaidia. Kwa hiyo kujua ni kipi kilithibitishwa na kipi kilitumainiwa tu ni jambo lenye uzito katika maisha ya watu.

Hoja ya insha hii ni kwamba tumaini la vitamini D lilijengwa juu ya jambo la kweli lililosomwa kinyumenyume. Ilionekana kwamba watu wenye figo mbovu wana vitamini D kidogo, ikadhaniwa kwamba upungufu huo ndio unaoharibu figo. Kumbe kwa sehemu kubwa figo mbovu ndizo zinazoleta upungufu. Wakati huohuo, mambo yaliyothibitika kuzilinda figo yalikuwa yakijulikana, na mengi kati yake hayana makeke wala gharama kubwa.

Kutoka matege hadi vitamini

Historia ya vitamini D inaanzia Ulaya ya viwanda, katika miji yenye moshi na majira marefu ya baridi. Watoto wengi wa miji hiyo walikuwa na mifupa laini, miguu ikapinda wakawa na matege. Watu wa pwani za kaskazini walijua tangu zamani kwamba mafuta ya ini la samaki husaidia, lakini hakuna aliyeweza kueleza kwa nini.

Mwaka 1919 mambo mawili yalitokea kwa wakati mmoja. Huko Uingereza, Edward Mellanby aliwafungia mbwa wachanga ndani ya nyumba, akawalisha chakula cha nafaka, wakapata ugonjwa huo wa mifupa. Alipowapa mafuta ya ini la samaki walipona. Huko Berlin, Kurt Huldschinsky aliwaweka watoto wagonjwa chini ya taa yenye mionzi inayofanana na ya jua, na mifupa yao ikaimarika. Ugonjwa mmoja ulikuwa na tiba mbili zisizofanana hata kidogo, chakula na mwanga, na kwa muda jambo hilo liliwashangaza wengi.

Mwaka 1922 Elmer McCollum wa Marekani alionyesha kwamba kitu kinachoponya mifupa ndani ya mafuta hayo si vitamini A iliyokuwa imekwisha kujulikana. Aliiharibu vitamini A kwa joto na hewa, na mafuta yakaendelea kuponya. Kitu hicho kipya kikaitwa vitamini D, kwa kufuata alfabeti tu. Mwaka 1924 Harry Steenbock alionyesha kwamba chakula chenyewe kikipigwa mionzi hupata nguvu hiyo ya kuponya, na fumbo la tiba mbili likaanza kufumbuka: mwanga ndio unaozalisha vitamini, katika ngozi ya mtu na hata katika chakula. Mwaka 1928 Adolf Windaus wa Ujerumani alipata Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yake juu ya kundi la kemikali ambalo vitamini hizo zinatokana nalo.

Kuanzia hapo vitamini D ikawa mshindi. Iliongezwa katika maziwa huko Marekani na katika vyakula vya watoto huko Uingereza, na matege yakapungua sana. Ushindi huo ulikuwa wa kweli, lakini ulileta mazoea ya kuamini kwamba kinachofaa kidogo kitafaa zaidi kikiongezwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 madaktari wa Uingereza waliwaona watoto wachanga waliokuwa na kalisi nyingi mno katika damu, wakatapika na kudhoofika. Vitamini D iliyokuwa imerundikwa katika vyakula vyao ilishukiwa, na mwaka 1957 viwango vilipunguzwa. Tusilisahau tukio hilo, kwa sababu kalisi ikizidi katika damu, figo ni mojawapo ya viungo vinavyoumia.

Figo yaingia katika habari

Kwa miaka hamsini hivi hakuna aliyekuwa na sababu ya kuhusisha vitamini D na figo. Mwaka 1970, huko Cambridge, David Fraser na Egon Kodicek walionyesha kwamba hatua ya mwisho ya kutengeneza vitamini D inayofanya kazi hufanyika ndani ya figo. Mwaka uliofuata umbo la kemikali hiyo likatambuliwa. Tangu hapo safari ya vitamini D ilieleweka vizuri: jua huianzisha katika ngozi, ini huibadilisha mara ya kwanza, na figo huikamilisha. Kwa maana hiyo vitamini D ni zaidi ya chakula. Inatenda kazi kama homoni, na figo ni kiwanda chake cha mwisho.

Ugunduzi huo ulieleza tatizo la siku nyingi. Watu ambao figo zao zimekufa huumwa mifupa, na sababu mojawapo ni kwamba kiwanda kimefungwa. Tangu miaka ya 1970 wagonjwa hao walianza kupewa vitamini D iliyokwisha kukamilishwa, na hadi leo madaktari wa figo huitumia kwa uangalifu kwa ajili ya mifupa na tezi zinazosimamia kalisi. Katika matumizi hayo mgonjwa amekwisha kupoteza figo, naye anarudishiwa kitu ambacho figo zilikuwa zikimpa. Hilo ni jambo moja. Kumpa mtu vitamini D ili figo zake zisife ni jambo jingine. Sehemu kubwa ya mkanganyiko uliofuata ilitokana na kuyachanganya mambo haya mawili.

Kisukari na figo

Historia ya kisukari nayo ina kinaya chake. Kabla ya mwaka 1922, mtoto mwenye kisukari alikufa katika muda mfupi. Insulini ilipopatikana Toronto kwa kazi ya Banting, Best, Collip na Macleod, wagonjwa walianza kuishi miaka mingi, na miaka hiyo ndiyo iliyoonyesha madhara ya sukari katika macho, miguu na figo. Mwaka 1936 Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson walieleza makovu waliyoyaona katika figo za wagonjwa wa kisukari waliokufa. Ugonjwa wa figo wa kisukari ukapata jina na sura.

Katika eneo letu kisukari kilionekana adimu kwa muda mrefu. Albert Cook, daktari mmisionari aliyeanzisha Hospitali ya Mengo nchini Uganda mwaka 1897, aliandika mwaka 1901 kwamba ugonjwa huo haukuwa wa kawaida, na kwamba aliyeupata alikufa. Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda kuanzia mwaka 1929, alikusanya kumbukumbu za magonjwa yasiyo ya kuambukiza akazitoa katika kitabu mwaka 1960, akionyesha jinsi hali ilivyokuwa ikibadilika pamoja na chakula na mwenendo wa maisha. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili, Dar es Salaam, walichapisha uchunguzi uliohusu watu zaidi ya 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania. Waliokuwa na kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia.

Miaka haikupita mingi, hesabu zikabadilika. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Rwanda mwaka 2012 na 2013 ulikuta kisukari kwa takriban asilimia 3 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 64, na shinikizo la juu la damu kwa takriban asilimia 15. Namba hizi mbili zisomwe pamoja, kwa sababu sukari na shinikizo la damu ndiyo mambo mawili yanayoharibu figo kwa kushirikiana. Sukari hudhoofisha vichujio vidogo vya figo, na shinikizo huvisukuma hadi vipasuke. Protini inayotakiwa kubaki katika damu huanza kuvuja kwenye mkojo. Mgonjwa hasikii maumivu yoyote, na anapoanza kuvimba miguu na kukosa pumzi, mara nyingi sehemu kubwa ya kazi ya figo imekwisha kupotea.

Jinsi tumaini lilivyojengwa

Tumaini la kwamba vitamini D ingezuia uharibifu huo halikutokana na ujinga. Lilikuwa na nguzo tatu, na kila moja ilionekana imara.

Nguzo ya kwanza ilitoka maabara. Mwaka 2002 Yan Chun Li na wenzake huko Chicago walionyesha kwamba panya ambao miili yao haiwezi kuitikia vitamini D hutengeneza renini nyingi kupita kiasi. Renini ni kemikali inayoanzisha mfululizo wa kupandisha shinikizo la damu, na mfululizo huohuo unajulikana kudhuru figo za wenye kisukari. Kwa hiyo ilikuwa busara kufikiri kwamba vitamini D ya kutosha ingezuia renini na hivyo kulinda figo.

Nguzo ya pili ilitokana na hesabu za watu. Katika uchunguzi mkubwa wa afya nchini Marekani na kwingineko, wagonjwa wa kisukari waliokuwa na vitamini D kidogo walionekana kuwa na ugonjwa wa figo mara nyingi zaidi kuliko wenye vitamini D ya kutosha.

Nguzo ya tatu ilikuwa jaribio la wagonjwa wenyewe. Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Dick de Zeeuw na wenzake juu ya wagonjwa 281 wenye kisukari na ugonjwa wa figo. Walipewa parikalsitoli, dawa iliyotengenezwa kwa kuiga vitamini D iliyokamilishwa. Kwa waliopewa kipimo cha juu, protini kwenye mkojo ilipungua kwa kiasi fulani. Jaribio lilidumu miezi michache tu, nalo lilipima protini kwenye mkojo. Halikupima kama figo zenyewe zilidumu miaka mingi zaidi. Lakini kwa waliokuwa wakisubiri habari njema, lilionekana kuwa hatua ya mwisho kabla ya ushindi.

Ndipo linapokuja somo ambalo mwanafunzi wa historia hufundishwa mwaka wa kwanza: mambo mawili kutokea pamoja si ushahidi kwamba moja limezaa jingine. Nguzo ya pili, ile ya hesabu, ilikuwa na ufa. Figo ikivuja protini, huvujisha pia protini inayobeba vitamini D katika damu, na vitamini hupotea kwenye mkojo. Mtu mnene, na wengi wenye kisukari ni wanene, huonekana na kiwango kidogo katika damu. Mgonjwa aliyedhoofika hukaa ndani, halioni jua. Katika hali zote hizo upungufu ni alama ya ugonjwa, nao hauwezi kuhukumiwa kuwa chanzo chake kwa sababu tu umekutwa mahali pa tukio.

Tumaini lapimwa

Njia ya kujua ukweli ilikuwa moja: kuwagawa watu kwa kura, nusu wapewe vitamini D, nusu wapewe kidonge kisicho na dawa, pasiwe na anayejua amepewa nini, kisha figo zao zifuatiliwe kwa miaka. Kazi hiyo ilifanyika Marekani ndani ya utafiti mkubwa ulioitwa VITAL, uliokuwa na watu 25,871. Kati yao walichaguliwa 1,312 wenye kisukari cha aina ya pili. Waliopangiwa vitamini D walipewa yuniti 2,000 kila siku, sawa na mikrogramu 50. Walifuatiliwa miaka mitano, na matokeo yakachapishwa na Ian de Boer na wenzake mwaka 2019.

Kipimo kilichotazamwa ni uwezo wa figo kuchuja damu, unaohesabiwa kwa mililita katika dakika moja. Kwa waliopewa vitamini D, uwezo huo ulishuka kwa wastani wa 12.3 katika miaka mitano. Kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa ulishuka kwa 13.1. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa imetokana na bahati tu. Watafiti walihitimisha kwamba hakuna ushahidi wa kuwapa wenye kisukari vitamini D kwa lengo la kuhifadhi kazi ya figo.

Mwaka huohuo wa 2019 utafiti mwingine wa Marekani, ulioitwa D2d, ulitoa majibu juu ya swali la jirani. Watu 2,423 waliokuwa karibu kupata kisukari waligawanywa, nusu wakapewa yuniti 4,000 za vitamini D kwa siku. Waliopata kisukari walikuwa wachache kidogo upande wa vitamini D, lakini tofauti haikutosha kusema kwamba vitamini ndiyo iliyowazuia.

Ni haki kutaja mipaka ya majibu haya. Wengi katika utafiti wa VITAL walikuwa na figo zilizokuwa bado zinafanya kazi vizuri, na hawakuchaguliwa kwa kuwa na upungufu. Mtu mwenye upungufu mkubwa kweli anastahili kutibiwa kwa ajili ya mifupa yake, na hakuna aliyepinga hilo. Lakini hoja iliyokuwa ikivuma, kwamba kila mwenye kisukari ajilinde figo kwa kidonge cha vitamini D, ilipimwa ikakosa mashiko.

Kwetu Afrika Mashariki kuna ushahidi mwingine wa kutafakari. Mwaka 2012 Martine Luxwolda na wenzake walichapisha vipimo vya damu vya Wamasai na Wahadzabe 60 wa Tanzania walioishi kwa desturi zao, wakishinda nje. Wastani wa vitamini D yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, kiwango ambacho Wazungu wengi hawakifikii bila vidonge. Vipimo hivyo havisemi lolote kuhusu figo, wala havina maana kwamba kila Mwafrika ana vitamini ya kutosha, kwa sababu anayeshinda dukani au ofisini haishi kama Mhadzabe. Vinaonyesha tu kwamba ngozi nyeusi chini ya jua la Ikweta inaweza kutengeneza vitamini D kwa wingi. Kwa mkulima wa Rusizi anayeinama shambani tangu asubuhi, dai la kwamba anahitaji kununua jua ndani ya chupa linahitaji ushahidi mzito.

Mfano wa jirani: rovu katika kisiwa cha Idjwi

Msomaji asifikiri kwamba insha hii inapinga kila kirutubishi. Katika Ziwa Kivu hili hili, upande wa Kongo, kiko kisiwa cha Idjwi ambacho historia yake inatusaidia kulinganisha. Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti wa Afrika ya Kati, IRSAC, ambayo makao yake yalikuwa Lwiro, kaskazini mwa Bukavu. Katika miaka ya 1960 François Delange, André Ermans na wenzao walichunguza rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, kwa wakazi wa Idjwi. Walikuta kwamba madini joto yalikuwa machache kisiwa kizima. Hata hivyo rovu ilikuwa imeenea sana kaskazini na ilikuwa adimu kusini magharibi.

Kama wangeishia kwenye upungufu, wasingeeleza tofauti hiyo. Waliendelea kutafuta, na utafiti ukawaongoza kwenye muhogo, ambao una kemikali inayozuia tezi kutumia madini joto machache yaliyopo. Upungufu ulikuwa sharti la ugonjwa, na chakula kikaukamilisha. Baadaye majaribio ya sindano za mafuta yenye madini joto, huko Papua New Guinea na nchini Kongo, yalionyesha kwamba kirutubishi hicho kinazuia madhara, na leo chumvi yenye madini joto iko katika kila duka la Kamembe.

Tofauti ya mifano hii miwili haimo katika neno upungufu, kwa sababu upungufu ulionekana kote kuwili. Imo katika jaribio. Madini joto yalipimwa yakazuia ugonjwa. Vitamini D ilipimwa kwa figo za wenye kisukari, figo zikaendelea kushuka vilevile.

Kilicholinda figo, na njia yake hadi Rusizi

Wakati vitamini D ikisubiriwa, njia nyingine ilikuwa ikijengwa taratibu. Mwaka 1963 Harry Keen wa London alishiriki kutengeneza kipimo chepesi kuhisi protini kidogo sana kwenye mkojo, na mwaka 1982 ikaonekana kwamba protini hiyo ndogo hutangulia uharibifu mkubwa kwa miaka. Mwaka 1993 utafiti wa Edmund Lewis na wenzake, uliokuwa na wagonjwa 409 wa kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kwamba kaptoprili, dawa ya shinikizo la damu, ilipunguza karibu kwa nusu hatari ya figo kuharibika haraka. Mwaka 1998 utafiti mkubwa wa Uingereza ulithibitisha faida ya kudhibiti sukari na shinikizo kwa kisukari cha aina ya pili. Mwaka 2001 dawa ya losatani ilifaulu kwa wagonjwa 1,513. Na mwaka 2019, mwaka uleule wa jibu la vitamini D, kanaglifozini, dawa inayotoa sukari kwa njia ya mkojo, ilionekana kuzilinda figo katika utafiti wa watu 4,401.

Dawa hizi zimefikaje kwetu, au zimechelewaje? Hospitali ya Mibilizi inakumbusha misheni iliyofunguliwa na Mapadri Weupe mwaka 1903. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, tiba katika vituo kama hivyo ililenga malaria, kuhara, kifua kikuu na uzazi, na haikuwa kosa, kwa kuwa ndiyo magonjwa yaliyoua. Mwaka 1997, nchi ikiwa bado inajijenga baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, ilianzishwa Jumuiya ya Wagonjwa wa Kisukari wa Rwanda. Mwaka 1999 majaribio ya bima ya afya ya jamii, mituweli, yalianza katika maeneo ya Byumba, Kabgayi na Kabutare, kisha bima hiyo ikaenea nchi nzima. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, Wizara ya Afya pamoja na shirika la Inshuti Mu Buzima walifungua katika hospitali za wilaya kliniki za magonjwa yasiyo ya kuambukiza, zikiendeshwa na wauguzi, na mfano huo ukasambazwa.

Upande wa figo zilizokwisha kufa, safari ni ngumu zaidi. Kusafishwa damu kwa mashine huhitaji kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Hiyo ni ratiba inayomaliza mali na kazi ya familia. Kwa miaka mingi aliyehitaji kupandikizwa figo alipelekwa nje ya nchi. Mwaka 2023 upandikizaji wa kwanza ulifanyika Rwanda yenyewe, katika Hospitali ya King Faisal mjini Kigali, na Januari 2025 serikali ilitangaza kupanua huduma za mituweli, upandikizaji wa figo ukiwamo. Ni hatua za kujivunia. Lakini kutoka Kamembe hadi Kigali basi hupita msitu wa Nyungwe na kuchukua sehemu kubwa ya siku, na figo inayolindwa nyumbani ni bora kuliko inayotafutwa mbali.

Mama mmoja jirani yetu, mwenye kisukari, aliniuliza mwaka jana: “Mwanangu wewe unasoma, niambie, hivi vidonge vya vitamini vitanilinda figo?” Nilimuuliza kama mkojo wake uliwahi kupimwa protini. Hakukumbuka. Nilimwomba akienda kliniki aulizie kipimo hicho, na dawa zake za presha asiziache. Jibu hilo nililipata katika mfululizo wa miaka niliyoitaja: 1963, 1982, 1993, 1998, 2001, 2019. Katika kila mwaka huo kuna kitu kilichopimwa kikafaulu, na vitamini D imo katika mwaka wa mwisho kama kitu kilichopimwa kisifaulu.

Hitimisho

Insha imeonyesha kwamba vitamini D iliingia katika habari ya figo kwa mlango wa halali. Iliponya matege, ikagunduliwa kwamba figo ndiyo huikamilisha, na panya wa maabara wakaonyesha njia ambayo ingeweza kusaidia. Kilichokosekana ni uthibitisho kwa wagonjwa wenyewe, na ulipotafutwa mwaka 2019 haukupatikana. Upungufu uliokuwa ukilaumiwa ulikuwa kwa kiasi kikubwa kivuli cha ugonjwa.

Kwa wasomi wenzangu, mada hii inafundisha mambo mawili. La kwanza ni la mbinu: tunaposoma nyaraka za afya, tuulize kila mara kama jambo lilihusishwa au lilijaribiwa, kwa sababu maneno hayo mawili yana umbali mkubwa kati yake. La pili ni la lugha. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na hapa Rusizi kinasikika sokoni, mpakani na hospitalini. Mtu wa Bugarama ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa ni kwa nini apimwe mkojo, kwa nini dawa ya presha isiachwe hata asipoumwa, na kwa nini chupa ya vitamini haiwezi kushika nafasi ya hayo. Kazi ya kuyaandika hayo kwa Kiswahili fasaha inatungoja sisi tunaokisoma.